Uani Kwetu Kariakoo

Ukitaja Kariakoo, watu wengi hufikiria maduka, mikokoteni na wamachinga. Mimi hukumbuka uani.

Jina lenyewe ni la wabeba mizigo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa hapa, na watu wakalitamka Kariakoo. Katika miaka ya 1970 likajengwa soko kubwa lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli. Mitaa iliyolizunguka ilijaa nyumba za Kiswahili kama yetu: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma.

Kila chumba kilikuwa na familia yake. Bomba lilikuwa moja, choo kimoja. Ramadhani, futari ilibishia kila mlango. Krismasi, pilau letu likafuata njia ileile. Hatukuwa malaika. Tuligombana kuhusu zamu ya kufagia na bili ya maji. Lakini uliyegombana naye asubuhi, jioni mlikutana tena bombani na ndoo zenu. Kununiana siku tatu ilikuwa kazi ngumu.

Asubuhi moja jiko la bibi wa chumba cha mwisho halikuwashwa. Mama akapiga hodi; kimya. Waliposukuma mlango walimkuta yu chini, hawezi kusema. Akawahishwa hospitali, na akaishi miaka kadhaa baada ya hapo. Aliokolewa kwa sababu jiko lake lilizoeleka kuonekana.

Nyumba ile imeuzwa. Sasa pamesimama ghorofa: chini fremu za maduka, juu wapangaji. Siwalaumu warithi, walikuwa wengi, na kodi ya vyumba sita haishindani na bei ya kiwanja karibu na soko. Wala sioni anayetamani foleni ya choo.

Ila zamani ujirani tuliletewa na nyumba yenyewe, tupende tusipende. Ghorofani kila mtu ana bomba lake, jiko lake la gesi na mlango wake wa chuma. Moshi hauonekani tena. Basi, ndugu msomaji, kazi iliyofanywa na uani imebaki mikononi mwetu: kulijua jina la jirani, kujua saa anazotoka na kurudi, na siku asipoonekana, kupiga hodi.