Kikopo cha Dawa Kabatini



Mimi ni mzaliwa wa Lamu niliyeolewa Garissa, na huu ni mwaka wa tisa tangu nihamie ukingoni mwa mto Tana. Katika kabati la jikoni kwangu palikuwa na kikopo cha bati kilichowahi kutiwa majani ya chai. Humo nilihifadhi kapsuli za rangi mbili zilizosalia kila mtu wa nyumbani alipopata nafuu kabla ya dozi kwisha. Nilikiona kikopo kile kuwa ni akiba ya mama mwenye busara. Mtoto akikohoa, nilimpa. Koo likiniwasha kwa vumbi la kiangazi, nilimeza siku mbili, ya tatu nikaacha. Kikopo kikiwa kitupu, mtoto alitumwa duka la dawa, akarudi na kapsuli katika bahasha isiyoandikwa kitu.

Mwaka juzi, nikiwa na mimba ya miezi saba, mkojo ulianza kuniunguza. Nikakiendea kikopo changu kama ada. Siku ya tatu homa ilipanda, kiuno kikauma upande mmoja, nami nikawa natetemeka kwa baridi katikati ya joto la Garissa. Jirani yangu, mama wa Kisomali auzaye maziwa ya ngamia, alinikuta nimejifunika blanketi. Akaniambia, “Abaayo, hii si ya kulala nayo,” akanishika mkono hadi hospitali.

Dawa ya kwanza niliyopewa haikunifaa kitu. Mkojo ulipelekwa maabara kuoteshwa, na tukangojea majibu kwa siku tatu ambazo sitazisahau, kwani mtoto tumboni alikuwa amepunguza kucheza. Majibu yakaja: vijidudu vile havikujali kapsuli nilizozizoea, wala dawa nyingine ya kawaida. Ikabaki ya sindano, ya kutiwa mshipani.

Tabibu aliyenihudumia, mwanamke wa makamo, aliniuliza, “Mama, mwaka huu umemeza antibiotiki mara ngapi?” Nikahesabu kwa vidole: mara tano. Kwa maradhi gani? Mafua, kikohozi, koo. Hakunikemea. Alinieleza kwamba mafua, na koo nyingi zinazouma, huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi; kazi yake ni kuua bakteria. Basi kila nilipoimeza bure, iliteremka tumboni ikaua bakteria dhaifu, ikawaachia nafasi wale wagumu wazaliane. Na ni hao wa tumboni ambao mara nyingi hupanda njia ya mkojo kwa sisi wanawake. Nilikuwa nimewafuga adui zangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu atakayejinunulia dawa hiyo na kutumia kidogo kisichotosha atawafundisha vijidudu kuistahimili. Onyo lile lilinifika Garissa, kitandani.

Jirani yangu naye alinisikiliza, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa wafugaji wetu huwachoma mbuzi na ngamia sindano za oksitetrasaiklini kwa kukisia tu, pengine bila kumwita daktari wa mifugo, na maziwa yakakamuliwa jioni ile ile. Tangu siku ile huwauliza wanaomletea maziwa kama mnyama ametibiwa, na hayapokei mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Mama wenzangu, Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na dawa ni neema. Lakini neema ina haki yake. Siku hizi mtoto wangu akishikwa na mafua, namnywesha maji na supu ya moto, nampumzisha. Asali humpa aliyetimiza mwaka mmoja, si mchanga kuliko hapo. Akiharisha, kwanza ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na zinki kutoka zahanati. Kuharisha kwingi hakuhitaji antibiotiki. Lakini akipumua kwa kasi au mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, akipatwa na degedege, au choo kikiwa na damu, siketi nyumbani hata saa moja. Na tabibu akiniandikia antibiotiki, naitumia kwa kipimo na siku alizoniambia, simgawii mtu, siweki baki.

Nilipewa sindano siku saba. Asubuhi ya tano homa ilishuka, na usiku wake mtoto alinipiga teke nikalia kwa furaha. Binti yangu sasa ana mwaka na nusu, alhamdulillah, na wiki iliyopita alikuwa na mafua. Mama mkwe aliniuliza, “Mwanangu, zile kapsuli za kabatini ziko wapi?” Nikamjibu kwa adabu kwamba nilizirudisha hospitali zikaharibiwe, na kikopo sasa kina iliki. Akacheka, akaitisha chai.

Wabillahi tawfiq.