Kwaki na Pacha Wangu

Nasoma fizikia hapa Kampala, na jioni najifunza Kiswahili. Wiki iliyopita mwalimu alitutaka tumweleze mtu wa nyumbani masomo yetu kwa Kiswahili. Nilimchagua mama, aliyekijulia Kiswahili katika biashara sokoni Owino.

"Mama, karibu na Geneva kuna handaki la duara lenye urefu wa kilomita 27. Humo protoni hugonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Nishati ya mgongano huweza kuzaa chembe nzito ziitwazo kwaki za chamu. Hazidumu hata kufumba na kufumbua."

"Huzaliwa moja moja?"

"Karibu kila mara huzaliwa mbili: kwaki na kinyume chake, antikwaki. Moja ikihesabiwa kuongeza, nyingine hupunguza, jumla ibaki sifuri. Kisha kila moja hushika njia yake."

"Kumbe ni mapacha!"

Nilinyamaza. Mama ni Nnalongo, yaani mama wa mapacha. Mimi ni Nakato. Babirye, aliyetangulia kuzaliwa, tulimpoteza tukiwa wadogo, na nyumbani hatumtaji. Kwetu Buganda hatusemi pacha amekufa; tunasema ameruka.

"Na mkimwona mmoja tu?" mama aliuliza.

"Tunajua mwenzake alikuwapo. Tunatafuta alama zilizobaki baada yake."

Mama aliweka kikombe chini. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alinisimulia jinsi Babirye alivyokuwa akicheka. Labda ilikuwa rahisi kwa Kiswahili kuliko kwa Luganda, lugha tuliyomlilia.