Saa Zote Zilikubaliana

Sisi wa pwani tumejaaliwa jambo ambalo wenzetu wengi wa bara hawana: jua letu huchomoza baharini, pasipo mlima wala mti wa kulikinga. Machweo ndiyo yenye tabu, maana jua huzama nyuma ya minazi na mapaa ya nyumba. Lakini asubuhi, mbingu ikiwa safi, mwenye kusimama ufukweni Bagamoyo huuona ukingo wa jua ukitoka majini, akaweza kuilinganisha saa yake na kalenda.

Ndivyo alivyofanya muadhini wetu mwishoni mwa Shaabani, akiwa ameiweka saa yake ya mkononi sawasawa na skrini ya nyakati za swala msikitini. Alirejea na habari nzito. Dakika ambayo kalenda iliandika kuwa ya kuchomoza ilipofika, jua lilikuwa limekwishaelea juu ya maji, na mwanya uliokuwa chini yake ulitosha kuingia jua jingine. Kwetu, karibu na Ikweta, jua hupanda takriban digrii moja kwa dakika nne, na upana wake ni nusu digrii. Kwa hesabu hiyo skrini ilikuwa nyuma kwa dakika nne.

Dakika nne si kitu kwa anayesubiri gari la Makumbusho. Kwa anayekula daku mpaka asikie adhana ni jambo jingine kabisa, kwani aya ya 187 ya Suratul Baqara imeufunga mlango wa kula kwa kupambanuka alfajiri, wala si kwa saa ya ukutani.

Kwenye kikao cha kamati yalizuka mabishano. Kompyuta zetu ni tatu, ya ofisi, ya madrasa na ile inayoendesha skrini, nazo zimeunganishwa kwa nyaya. Mjumbe mmoja alizikagua zote akazikuta zinalingana hadi sekunde. Akauliza: zote tatu zikosee, mzee mmoja apatie?

Waliosoma elimu ya Hadithi wanalijua jibu. Habari waliyoipokea watu mia kutoka kwa mpokezi mmoja hubaki kuwa habari ya mmoja, na wingi wa wanafunzi wake hauongezi ushahidi. Kompyuta ya madrasa na ya skrini hazikuwa na saa ya kujitegemea. Zote ziliiuliza ya ofisi. Nayo ya ofisi haikuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa bando lilikuwa limekwisha wiki kadhaa nyuma, na ile betri yake ndogo ya mviringo, inayotunza saa umeme unapokatika, ilikuwa imechoka. Hata betri ikiwa nzima, saa ya kompyuta iliyoachwa peke yake huweza kupotea sekunde moja au mbili kwa siku.

Utaratibu wa kuulizana saa uliasisiwa na Profesa David Mills wa Marekani, nao ulichapishwa mwaka 1985 kwa jina la NTP. Mfano wake ni kumtuma mtoto kwa jirani akaulize saa. Unajua alipoondoka na aliporudi, hivyo unaongeza nusu ya muda wa safari juu ya jibu alilolileta. Kila kompyuta hutaja daraja lake, ni ya ngapi kutoka kwenye saa ya asili, ambayo aghalabu ni ya atomiki au ya setilaiti. Kwangu mimi hiyo ni isnadi kamili! Na wataalamu hushauri kuuliza vyanzo vinne au zaidi, ili mmoja akisema uongo abainike kwa wenzake.

Tulibadilisha betri, tukanunua bando, na kompyuta ya ofisi ikaelekezwa kwenye vyanzo vinne. Saa ikaruka mbele kwa dakika tano na nusu. Mzee alikuwa amepatia, lakini dakika moja na nusu ya ziada ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye kalenda. Tuliyoibandika ukutani imepigiwa hesabu ya Dar es Salaam, na Bagamoyo iko magharibi yake kwa zaidi kidogo ya theluthi ya digrii. Jua huwafikia wao kwanza, na huwaachia wao kwanza. Kwa hiyo mfungaji wa hapa mwenye saa sahihi kabisa, akifuata kalenda ile, huweza kufuturu dakika moja na zaidi kabla jua la mji wake halijazama, isipokuwa kama mtungaji aliongeza dakika za tahadhari.

Kikao kiliidhinisha fedha ya bando ya kila mwezi bila ubishi. Kuhusu kuchapa kalenda ya Bagamoyo, wajumbe kadhaa walisema dakika moja haina uzito, na suala likaahirishwa. Kwa kuwa muhtasari naandika mimi, nimeandika humo kwamba katibu hakukubaliana nao.