Koa wa Wasini nusura animalizie hewa

Kila nikirudi Nairobi kutoka Pwani, mwanangu wa gredi ya nne huniuliza swali moja: "Mama, umeona papa?" Nikimjibu kwamba nimeona koa, hucheka mpaka machozi yamtoke. Koa, yule mtelezi anayetafuna sukuma wiki!

Lakini koa wa baharini, msomaji, si yule wa shambani. Huyu amepambwa kama bi harusi. Wataalamu humwita nudibranki kwa kuwa matamvua yake yako wazi, mara nyingi yakichanua mgongoni kama shada. Gamba alilozaliwa nalo hulivua akiwa mchanga, na wengi wao hujikinga kwa sumu wanayoitoa katika sponji wanazokula. Rangi zile kali ni onyo kwa samaki.

Januari, kaskazi ikivuma na maji yakiwa maangavu, nilishuka Shimoni kumtafuta mmoja tu, Halgerda wasinensis. Jina hilo la kisiwa chetu cha Wasini alipewa mwaka 1904 na Sir Charles Eliot. Naam, yule yule Kamishna wa Mwingereza aliyewafungulia walowezi nyanda za juu! Shuleni tulisomeshwa habari za ardhi. Hakuna aliyetuambia kwamba bwana huyo alikuwa bingwa wa koa. Hata leo sijui nimshukuru au nimnunie.

Tulizama mita 14, mimi na kijana wa Shimoni anayeniongoza. Kwanza nilidanganyika. Nilipiga picha ya kitu chenye ukingo wa zambarau, kumbe ni mnyoo bapa: mwembamba kama karatasi, hana shada la matamvua. Ndipo kijana akamulika tochi chini ya mwamba. Alikuwepo, mweusi, mistari ya manjano ikikatizana mgongoni, pembe mbili za kunusia zimesimama wima.

Kumpiga picha mdudu asiyezidi kidole si mchezo. Yataka umkaribie sana, na taa pia, maana maji humeza rangi nyekundu na kuacha kila kitu kibluu. Mkondo ulikuwa ukinisukuma. Picha ya kwanza ukungu, ya kumi ukungu. Kijana akanigusa bega na kuonyesha saa ya hewa. Nikainua kidole: moja tu. Akanigusa tena. Moja tu.

Nilipoitazama saa ile, mshale ulikuwa kwenye 30, na tulikuwa tumeafikiana kuanza kupanda ukifika 70. Moyo ulinipasuka. Nikaanza kuvuta pumzi kwa pupa, jambo baya kuliko yote. Kijana alinishika mkono, akanipa kidomo cha akiba cha mtungi wake, tukapanda polepole. Mita tano kutoka juu tukasimama dakika tatu, kama sheria inavyotaka. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Mashuani hakufoka. Alisema tu, "Dada, koa angekungoja. Una mtoto wewe."

Picha moja ilitoka safi. Nilimwonyesha mwanangu, nikamweleza habari za Eliot na za sumu. Ya hewa nikaimeza. Aliitazama kwa muda mrefu, hakucheka. Kisha akaweka kidole pembeni mwa picha, mahali ambapo mkono wangu umeegemea matumbawe niliyomkataza mara ngapi kuyagusa.

"Mama," akauliza, "huu ni mkono wa nani?"