Mzee Bado Kanuna?

Kundi letu la WhatsApp lina watu wanne na halina ajenda. Yupo dada wa Tanga, mwalimu wa sekondari. Yupo kijana wa Mwanza, ambaye hela yake yote inaishia kwenye vitabu vya mtumba. Yupo Bibiye wa Muscat, Mzanzibari aliyemfuata mume huko zamani. Na mimi, mwenye steshenari hapa Ruaha, upande wa Kilosa, kwenye barabara inayotoka Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara. Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tulijuana kwa kubishana juu ya kitabu, na mpaka leo hatujamaliza.

Kama unadhani wapenzi wa fasihi wakikaa wanachambua fani na maudhui, samahani. Sisi tunasengenya. Tunaanza na mwandishi fulani, tunaishia kwa mashemeji. Ukiuliza tulivukaje kutoka huku kwenda kule, hakuna atakayekumbuka.

Chukua Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel. Nchi nzima ilikuwa inabishana kama ni wa kwetu au wa Waingereza, na sisi hatukubaki nyuma. Kijana wa Mwanza akasema mtu anayeandika Kiingereza na kuishi Uingereza, sisi tunashangilia nini? Bibiye akamjia juu: "Kazaliwa Unguja 1948, wataka cheti gani tena, mwanangu?" Ubishi ulikwenda mpaka usiku wa manane. Halafu ghafla ikaja voisi yake, sauti imebadilika, anamzungumzia dada yake aliyemwacha Unguja na hawajaonana miaka. Gurnah tulimsahau palepale.

Au Rosa Mistika. Riwaya ya Kezilahabi ya 1971, ile iliyopigwa marufuku shuleni. Dada wa Tanga alituambia kwao ilikuwa imefichwa ndani ya debe la mchele. Yeye na mdogo wake waliisoma kwa zamu, mmoja anasoma, mwingine analinda mlango. Walipokuwa watu wazima ndipo mama yao aliwaambia aliiweka mle makusudi, maana kama angewapa mkononi wasingeisoma.

Mimi nataniwa kwa sababu ya jimbo letu la Mikumi kumpeleka mwanahiphop bungeni. Profesa Jay, yaani Joseph Haule, alikuwa mbunge wetu kuanzia 2015 hadi 2020, na kijana wa Mwanza hachoki kunikumbusha kwamba mtu aliyewakejeli wanasiasa na ahadi zao katika "Ndio Mzee" ndiye huyohuyo aliyekuja kutuomba kura. Namjibu kwamba wengine huandika tamthiliya wakaishia hapo. Yeye alikwenda kuicheza.

Kwa hiyo, katika umbea huo, na mimi nilikuwa na mchango wangu. Mchango wangu ulikuwa baba.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi mstaafu. Tangu mama alipofariki, aliacha kuongea. Hakuugua, hakuchanganyikiwa. Anasalimia, anaitikia, anakula. Lakini yale mazungumzo yake ya jioni, ya kubishana na redio na kumsahihisha mtangazaji Kiswahili, yalikwisha. Ndugu zangu wa Dar es Salaam wakaanza vikao vya simu: tumchukue, tusimchukue, nyumba itakuwaje. Nikitoka kwenye vikao hivyo nimechoka, nakwenda kuwamwagia wenzangu yote. Niliwaambia hata vitu ambavyo sikupaswa kuwaambia. Kwamba anakunja mashuka mawili mawili bado. Kwamba nilimkuta siku moja amesimama jikoni, ameshika mwiko, hapiki chochote.

Sasa jioni moja ya msimu wa miwa, mashamba yanachomwa, majivu meusi yanadondokea nguo nilizoanika, nilikuwa barazani naanua huku simu ipo juu ya stuli. Kwenye kundi kijana wa Mwanza alikuwa ameuliza: hivi Ebrahim Hussein alinyamaza kwa nini? Mtu aliyeandika Kinjeketile, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaacha kazi, akajitenga na watu. Kila mtu akawa na nadharia yake. Siasa. Watu wa chuo. Moyo kuvunjika. Mimi pia nilichangia, na wala sikuwa na ninachokijua.

Voisi za wenzangu zikawa zinajicheza zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa sauti kubwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Ikaja ya dada wa Tanga: "Huyo profesa nadhani alichoka tu na maneno ya watu. Eti mwaya, na mzee wako je? Bado kanuna?"

Niliruka kuizima simu, nikadondosha shuka kwenye majivu.

Baba hakusema kitu kwa muda. Kisha: "Huyo nani?"

"Rafiki yangu, baba. Yuko Tanga."

"Na mnayemsema kabla yangu ni nani?"

Nikamwambia. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Halafu akaniambia jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia: kwamba chuoni, alipokuwa anasomea ualimu miaka ya sabini, waliigiza Kinjeketile, na yeye alikuwamo. Hakuwa Kinjeketile mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wanakijiji. Kazi yake ilikuwa kusimama na kuamini. Alisema kilichomkaa ni mwisho, pale mzee yule anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa kusema.

"Maji yenyewe ni haya," akasema, akiinyooshea kidole Ruaha Mkuu, ambao kutoka barazani kwetu hauonekani, unausikia tu usiku mvua zikiwa kubwa. Ni kweli. Mto huu unakwenda kumwaga Rufiji, kule kulikoanzia Maji Maji mwaka 1905, na vita vyenyewe vilifika hadi Kilosa.

Niliomba radhi. Nikajiuma ulimi, nikaomba tena. Akasema, "Mtu akifunga mlango, si lazima awe amekukasirikia wewe uliyeko nje." Sikujua anamsemea profesa au nafsi yake, na sikuuliza.

Kesho yake saa kumi na mbili jioni aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Enhe, wamesemaje?"

Nikamsomea. Siku iliyofuata tena. Sasa anamjua Bibiye na dada yake wa Unguja, anamwona kijana wa Mwanza ana haraka ya kuhukumu, na anadai mama wa dada wa Tanga, yule wa debe la mchele, ndiye mwalimu kuliko wote.

Wiki iliyopita alinyoosha mkono, akaomba simu. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaisogeza mdomoni, akabonyeza, akatulia. Kunguru wakalia. Bodaboda ikapita. Akaachia bila kutamka neno, ujumbe ukaenda: sekunde kumi na moja.

Dada wa Tanga ndiye aliyewahi kuusikiliza. Akajibu kwa maandishi, "Shikamoo, baba."

"Mwambie marahaba," baba akasema, akanirudishia simu.