Mgeni Asiyepewa Jembe

"Mnapakia nini?" mama aliniuliza kwenye simu.

"Hatupakii kitu, mama. Ni sisi tu."

"Basi mnavua."

"Hatuvui."

Akanyamaza kidogo. Mama ni binti wa fundi wa majahazi wa Nungwi. Kwake chombo kinachotoka pwani bila shehena wala nyavu kimekatika amari, kinachukuliwa na maji. "Sasa mnakwenda wapi?"

"Tunazunguka visiwa, kisha tunarudi pale pale tulipotoka."

"Haya. Mungu awarejeshe salama," akasema, kwa sauti ile anayotumia kuwaombea wagonjwa.

Nilikuwa Ugiriki, katika visiwa vya Cyclades, mwezi wa Julai, ndani ya yoti ya mita thelathini. Kazi yangu Uingereza ni kutunza wazee. Bibi mmoja nilikuwa naye miaka minne, mpaka akafariki mikononi mwangu. Binti yake, ambaye Mungu amempa uwezo, akaniambia familia imekodi yoti kwa juma moja na chumba kimoja kiko wazi. Nikadhani natakiwa kuangalia watoto. La, akasema, njoo upumzike.

Bei sikuiuliza, lakini kwenye boti maneno hayafichiki. Kumbe kodi ni mwanzo tu. Mkodi hutanguliza fedha nyingine, mara nyingi asilimia 25 hadi 40 ya hiyo kodi, kwa ajili ya mafuta, chakula na ushuru wa bandari, na mwisho wa safari kuna bahasha ya bakshishi kwa mabaharia. Tulikuwa wageni tisa, na mabaharia sita wa kututumikia. Nilipiga hesabu kichwani, nikaiacha njiani.

Kilichonifurahisha siku ya kwanza ni kikapu. Kiko penye ngazi ya kupandia, na kila mtu anaacha viatu vyake humo, tajiri na mpishi, maana sakafu ni ya msaji na kiatu kinaikwaruza. Juma zima tulitembea pekupeku. Nikajiona niko nyumbani kwa watu wenye adabu.

Siku ya tatu ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaisema methali hii kwa mzaha, kumchokoza mgeni aliyekaa sana. Sikuwahi kuifikiria kwa upande wa mgeni mwenyewe. Niliamka alfajiri, nikasali, nikatoka nje. Baharia mmoja, Mfilipino, alikuwa anaiosha boti kwa maji baridi. Chumvi ya bahari ikikaukia kwenye kioo na chuma inakula, kwa hiyo kila asubuhi kabla wageni hawajaamka huosha chombo chote, kisha hukausha kwa kitambaa laini cha ngozi, dirisha moja baada ya jingine, mpaka tone la mwisho. Kitambaa kingine kilikuwa juu ya ndoo. Nikakichukua.

Akakitoa mkononi mwangu, taratibu, akitabasamu. "Madamu, tafadhali. Kaa. Nikuletee kahawa?"

Nikakaa. Kahawa ikaja, na maji ya machungwa, na tunda lililokatwa vizuri. Nikaenda jikoni, nikafukuzwa kwa heshima. Nikatandika kitanda changu. Niliporudi kutoka kuogelea nikakuta kimetandikwa upya, vizuri zaidi. Kufika jioni nilikuwa na hasira nisiyojua ya nani.

Usiku ule nilimkumbuka yule bibi. Kila baada ya chai alikuwa akiinuka na kikombe chake, mkono unatetemeka, anakwenda zake kwenye karo. Nami, miaka minne, nilimpokonya kikombe kile. Taratibu, nikitabasamu. "Kaa, bibi. Pumzika. Mimi nipo." Niliandikwa kwenye ripoti kuwa mtunzaji mwenye upendo. Mara moja aliniambia, "Nitakuwa nimepumzika vya kutosha." Nilicheka, nikadhani anatania kuhusu kifo. Sasa nadhani alikuwa anazungumzia kikombe.

Bahari yenyewe haikunisaidia. Bahari ya Mediterania, kwa mtu wa pwani yetu, ina jambo moja la ajabu: ni kama haipwi. Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Asubuhi unaogelea, mchana kina mama wako pale pale kwenye miamba wanachokoa pweza. Hata mwenye hoteli ya nyota tano anangoja maji. Ugiriki tofauti ya kujaa na kupwa ni sentimita chache, mstari mmoja wa ukijani kwenye jiwe la gati. Mama yangu alinilea kwa maneno matatu, maji yakijaa hupwa. Ndiyo niliyopewa nilipofeli mtihani, na nilipoachwa. Nikawa nayatazama maji ya kisiwa cha Kythnos, buluu, tulivu, yamejaa asubuhi, yamejaa jioni, hayana haja ya kumngoja mtu wala kungojwa.

Kutoka Mykonos tulipanda boti ya watalii kwenda Delos, nusu saa hivi, mahali Wagiriki wa kale walipoamini Apollo alizaliwa. Ni magofu, mijusi na jua. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kulala pale. Boti ya mwisho ikiondoka, wageni wote wameondoka. Zamani masharti yalikuwa makali zaidi. Mwaka 426 kabla ya Kristo Waathene walifukua makaburi yote ya Delos, wakaamuru kwamba kisiwani pasizaliwe mtu wala pasife mtu. Mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mgonjwa aliyekatiwa tamaa, walivushwa hadi kisiwa cha jirani, Rhenia.

Na ndiko tulikokwenda kujificha. Meltemi ilianza mchana ule. Ni upepo wa kaskazi, ila huvuma kiangazi, wakati ambao kwetu ni kusi, tena huvuma chini ya mbingu safi isiyo na wingu hata moja, hivyo macho yako yanakwambia shwari na masikio yanakwambia tufani. Santorini ilikuwa kwenye ratiba. Chakula cha usiku kilikwishalipiwa. Nahodha akasema hapana. Mwenyeji wangu akauliza kama kuna namna. Nahodha akasema tena hapana, akatia nanga katika ghuba ya kusini ya Rhenia, na hapo tukakaa siku mbili.

Wenzangu walinuna. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hatimaye kulikuwa na kitu cha kungoja.

Siku ya pili ya kungoja mpishi alilala na kichefuchefu. Katika friji mlikuwa na pweza aliyemnunua bandarini Mykonos. Nilifungua kabati, nikakuta makopo mawili ya tui. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilimchemsha pweza kwa maji yake mwenyewe, bila kuongeza, mpaka akawa mwekundu na kidole kikapita. Sufuria zimebanwa kwa vyuma ili zisiteleze, na bado ilinibidi nisimame miguu imepanuka, kitunguu kinakimbia kwenye ubao kila boti inapolala upande. Tangawizi, nyanya, bizari, kopo la kwanza la tui, kisha la pili. Ndimu mwisho, moto ukishazimwa.

Wageni walikula wakasifu. Yule baharia alikula baadaye, amesimama jikoni, akafuta bakuli kwa mkate. "Kwetu pia tunapika hivi, na nazi," alisema. Hakuniita madamu. Kisha akafungua bomba na kuanza na sufuria kubwa.

Nilinyoosha mkono. Alinitazama, akautazama mlango wa kule walikokaa wageni wengine, akanirushia kitambaa. Akaosha yeye, nikafuta mimi.