Jua la Kampala na Mwembe Wetu

Aghalabu wakazi wa Kampala hudhani kwamba, kwa kuwa jiji li karibu na Ikweta, jua hulimulika paa sawasawa mwaka mzima. Sivyo. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba kusini. Na kati ya Machi na Mei mawingu hutanda. Hata hivyo, kwa wastani kila mita mraba hupata takriban kilowati-saa 5 kwa siku.

Fundi alituuzia paneli ya wati 100, akatuahidi taa, redio, na hata pasi! Nilichukua chaki, kama nilivyofunzwa chuoni: wati 100 kwa saa 5 ni wati-saa 500, ukiondoa upotevu wa joto, vumbi na betri, labda 350. Pasi ya wati 1000 ingezimaliza kwa dakika 21.

“Na mwembe, Baba watoto?” akauliza mke wangu.

Swali zito. Seli za paneli huunganishwa mfululizo, hivyo kivuli cha tawi moja huweza kudhoofisha paneli nzima. Lakini mwembe ule aliupanda marehemu mama, nikakataa shoka. Tuliifunga paneli juu ya banda la kuku, tukaiinamisha kidogo ili mvua iioshe.

Watoto husoma hadi saa tatu usiku. Sare zao twazipiga kwa pasi ya mkaa.